Wivu Wangu na Treni ya Mapichi

Tochikubo,
Mkoa wa Fukushima,
Japani.
11 Juni 1972

Mpendwa mdogo wangu Hatsuno,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na baada ya salamu nataka kwanza kujua hali yako. Mgongo umekaaje? Katika barua yako ya mwisho ulisema huwezi tena kuinama shambani. Na shemeji yangu Teizo, moyo wake umetulia? Wajukuu je, hasa yule wa mwisho mwenye jina la Kibrazili ambalo mimi na Jinsaku tunalitamka kila mtu kivyake na kisha tunabishana? Najua Juni kwenu ni baridi. Vaa vizuri miguuni. Wewe tangu utotoni ulikuwa mtu wa kutembea bila soksi halafu kukohoa.

Sisi hatujambo. Magoti yangu hulalamika mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua haina kazi nyingine ila kukaribia. Mume wangu Jinsaku sikio la kushoto limekufa kabisa, kwa hiyo habari mbaya namwambia upande huo. Mapichi tumekwisha kuyavika mifuko ya karatasi, mti kwa mti, mpaka ile mipichi ya ukingoni inayoegemea reli. Mwaka huu miti imebeba vizuri, na mifuko ikitikiswa na upepo unadhani shamba zima limejaa ndege weupe.

Kahawa yako ilifika, asante sana. Ila nikwambie ukweli. Majirani wanakuja kuinywa hapa kwangu. Wanakaa kwenye mkeka wangu, wanatumia vikombe vyangu, maji nimechemsha mimi, kisha wanashusha pumzi na kusema, "Jamani, Hatsuno ana moyo mzuri." Halafu mimi ndiye ninayeosha vikombe.

Leo nina jambo la kukueleza, na nitalieleza lote, hata pale litakaponiaibisha. Mwezi uliopita alikuja hapa Bwana Miura wa ofisi ya mji. Humjui, amezaliwa baada ya vita, ana tai nyembamba na adabu nyingi. Alileta boksi la vitumbua vya maharage, akakaa, akasifu bustani, akauliza magoti. Nikajua anataka kitu. Akasema mwezi wa Agosti reli yetu inatimiza miaka hamsini na mji utafanya sherehe kubwa, kisha akashusha sauti akasema kwamba mwaka huu pia ndio mwisho wa behewa la matunda. Kuanzia mwakani mapichi yote yataondoka kwa malori. Treni ya abiria itaendelea kwa sasa, alisema, lakini sote tunaona inabeba wangapi.

Kisha akasema, "Bibi Tsuneyo, tunamtafuta msichana wa kwenye picha."

Unajua ni picha gani. Ipo stesheni mpaka leo, juu ya benchi la kusubiria, imewekwa kioo kipya. Siku ya treni ya kwanza. Kichwa cha treni kimevishwa majani na maua, mameneja wa reli wamevaa kofia ndefu, na mbele yao wewe, una miaka kumi na miwili, umevaa kimono cha sikukuu, umeshika kikapu cha mapichi kama vile umekizaa. Watoto wa shule hupelekwa kuiona. Wageni wakiuliza, mkuu wa stesheni huwaambia, huyu ndiye msichana wa mapichi, sasa anaishi Brazili, ana mashamba makubwa. Kwenye ukingo wa picha hiyohiyo, upande wa kulia, kuna kipande cha mkono wa nguo. Huyo ni mimi.

Hatsuno, sijui kama unakumbuka, ulikuwa mdogo. Kikapu kile kilikuwa changu. Mwalimu mkuu alinichagua mimi kwa kuwa nilikuwa mtoto mkubwa wa Baba, na Baba ndiye aliyetoa ardhi. Nilifanya mazoezi ya kuinama na kutoa kikapu kwa wiki nyingi, mbele ya mbuzi, mbele ya kisima, mbele yako. Lakini ili behewa la kwanza lijae, sisi wasichana wakubwa tulikuwa tukifunga mapichi tangu alfajiri, na unajua vile vinyweleo vya pichi vinavyoingia ngozini. Nilipofika stesheni shingo yangu ilikuwa imevimba vipele mpaka kidevuni. Mwalimu akanitazama, akamtazama mpiga picha, akanichukulia kikapu mikononi akakupa wewe. Alisema, "Huyu mdogo ana uso safi." Ulikuwa safi, ndiyo. Ulikuwa umelala mpaka saa mbili.

Nimelibeba jambo hilo miaka hamsini, na sijaona aibu kulibeba. Kila nilipokwenda stesheni nilikaa kwenye benchi lile na kuipa picha mgongo.

Bwana Miura aliniomba nimsimulie habari za zamani ili azisome kwenye sherehe, nami nilimsimulia, kwa sababu vijana wa sasa wanadhani reli iliota yenyewe kama uyoga. Nikamwambia jinsi Baba alivyokuwa akishusha mapichi kwa farasi mpaka mji wa mtoni, na jinsi njia ile ya mawe ilivyoigeuza nusu ya mzigo kuwa uji kabla ya kufika. Tulikula mapichi yaliyopondeka asubuhi, mchana na jioni. Nguruwe wa jirani walikuwa wakiyakataa. Pichi haliwezi kusubiri, likikomaa linataka kuondoka siku hiyohiyo, na sisi hatukuwa na pa kulipeleka.

Nikamwambia pia jinsi wapimaji wa reli walivyotaka kupita ng'ambo ya mto, Kamiyachi, kwa kuwa ardhi ya kule ni tambarare. Wewe ulikuwa ukicheza nje, lakini mimi nilikuwa nikimimina chai mkutanoni, nikasikia. Baba alisimama, yeye asiyependa kusema mbele za watu, akawaambia, "Pindeni reli ipite katikati ya shamba langu. Miti nitapanda mingine. Ikienda Kamiyachi, sisi hapa tumekwisha." Wakaipinda. Ndiyo kona ile ya shamba letu. Mipichi iliyokuwa imeanza tu kuzaa ilikatwa mstari mzima, na Mama hakusema na Baba tangu siku ile ya mashoka mpaka siku alipoona behewa la kwanza likiondoka limejaa.

Kutoka hapo mji ukawa mji. Yakaja maghala, ukaja ukumbi wa kufungia matunda, ikaja nyumba ya wageni kwa wanunuzi kutoka Tokyo, na hata kinyozi. Watu wa Kamiyachi wakawa wanasukuma mikokoteni yao kuvuka mto kuja stesheni kwetu, na wakifika tunawaweka mwisho wa foleni. Walituonea wivu mpaka wakawa hawataki kuoa kwetu. Bi Shige, unamkumbuka, yule mwenye kicheko cha jogoo, alizaliwa Kamiyachi akaolewa hapa, na mama mkwe wake alimwita mjumbe wa adui mpaka anakufa. Sasa barabara kuu mpya imepita Kamiyachi. Wao ndio wenye malori, wao ndio wenye ghala la baridi. Bi Shige huja hapa, hunywa kahawa yako na kuniambia, "Tuliwakodolea macho miaka hamsini. Sasa kodoeni nyinyi." Na mwanangu mwenyewe, Masaru, ameajiriwa huko, anaendesha lori la mapichi. Ninapomfulia shati lake huwa simsemeshi.

Hatsuno, nikirudi nyuma nikuambie la siku uliyoondoka. Hatujawahi kulizungumza, kwa maana barua zetu zimekuwa za afya na mvua. Mimi ndiye mkubwa, na hatukuwa na kaka, kwa hiyo Jinsaku aliletwa aoe kwetu na mimi nikakaa na mashamba. Hakuna aliyeniuliza. Wewe ulipoposwa na Teizo na ikasemwa mtakwenda Brazili, watu walikulilia, nami nililia pia, ila kilio changu kilikuwa na mambo mengi ndani yake. Ulikuwa umevaa koti langu. Baba alitembea kando ya treni mpaka mwisho wa jukwaa. Mimi nilikuwa nimetangulia, nilikimbilia shambani, kwenye kona, nikasimama kati ya mipichi ili unione peke yangu wakati treni inapinda. Ilipopinda, nilipunga mikono yote miwili. Ulikuwa umekaa upande wa mto. Niliona kisogo chako tu na ukosi wa koti langu.

Kiangazi kilichofuata ndipo yalipotokea ya daraja, ambayo nilikuandikia kwa mistari miwili kwa sababu wakati ule nilikuwa na hasira nawe bado. Tufani ilikuja mapichi yakiwa yameiva. Mto ulikula udongo wote chini ya reli pale mwanzo wa daraja, reli na mataruma yake ya mbao vikabaki vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Mabehewa matupu yalikuwa ng'ambo, mapichi yetu upande huu, yakiwa yamefungwa tayari kwenye masanduku, na jua likawaka kana kwamba halijafanya kitu. Jinsaku na wenzake wa kikosi cha reli walisema kujaza udongo kutachukua wiki nzima au zaidi. Unajua pichi linakuwaje baada ya wiki. Ukumbi wote ulikuwa unanukia tamu mpaka kichwa kinauma, na wanaume wamekaa nje.

Mimi nikachukua ubao wa meza ya kufungia nikaulaza juu ya mataruma. Jinsaku akasimama mbele yangu akasema, "Hapiti mtu hapa."

Nikamwambia, "Yanapita mapichi. Sisi tunayabeba tu."

Tulifungwa kamba kiunoni, wanawake wa ukumbini wote, na wanaume wakashika ncha. Sanduku mgongoni, hatua kwa hatua, maji ya matope chini yetu yakipita na mizizi ya miti. Bi Shige alikuwa nyuma yangu. Alikuwa akitetemeka, nilisikia mbao za sanduku lake zikigongana, lakini akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Nikianguka, mwambieni mama mkwe wangu nimefanya makusudi." Tukacheka pale juu ya mto, tukiwa tumeshikana nguo. Sanduku moja tu ndilo lililoponyoka. Mapichi yakaelea mpaka Kamiyachi, watu wa kule wakayavua kwa nyavu wakayala, kisha wakaturudishia sanduku tupu na shukrani.

Nilikuwa na mimba ya Masaru, na nilikuwa sijamwambia mtu. Kwa hiyo mwanangu alivuka daraja lile akiwa tumboni.

Behewa letu lilifika Tokyo wakati bonde zima lilikuwa halijafikisha pichi hata moja. Wanunuzi wakalisoma jina la Tochikubo kwenye masanduku, na tangu mwaka huo wakawa wanalitaja. Jina la mji lilitoka pale, Hatsuno, halikutoka kwenye kikapu. Lakini mpiga picha siku hiyo alikuwa Kamiyachi akipiga picha za mafuriko.

Miaka ya vita sitaiandika sana. Waliamuru mipichi ikatwe tupande viazi vitamu, wakasema tunda halishibishi askari. Wakaja pia kung'oa reli za pembeni za stesheni kwa ajili ya chuma, na Jinsaku alipewa amri ya kuzing'oa yeye mwenyewe, alizokuwa amezifunga kwa mkono wake. Barua zako zilikoma. Nilikuwa nikichimba viazi kwenye ardhi ya Baba na kusema moyoni, Hatsuno anakula mkate, Hatsuno ana sukari. Baadaye sana ndipo uliponiandikia kwamba mlikatazwa hata kusema lugha yetu barabarani, na kwamba ulikuwa ukiwaimbia watoto ndani ya blanketi. Siku hiyo nilishindwa kukuonea wivu, nikawa kama mtu aliyepotelewa na kitu alichokizoea.

Sasa nirudi kwa Bwana Miura. Wiki iliyopita alituita wazee ofisini kusikia utaratibu wa sherehe. Tulikuwa watu kumi hivi, meya mwenyewe alikuwepo. Bwana Miura akasoma. Bibi Hatsuno atawasili kwa treni, atashuka akiwa na kikapu cha mapichi, bendi ya shule itapiga, atampa meya kikapu. Kila mtu akapiga makofi. Wakanigeukia mimi wakitabasamu, wakasema wananiomba nikuandikie, kwa kuwa anwani yako ninayo mimi.

Nikauliza, "Na mimi siku hiyo nitakuwa wapi?"

Bwana Miura akapekua karatasi zake akasema kwa heshima zote, "Jikoni, Bibi. Wageni ni wengi, na matonge yako ya wali hayana mfano."

Bi Shige akacheka kile kicheko chake, kisha akaninong'oneza lakini wote wakasikia, "Tsuneyo, tangu nikujue unamwonea mdogo wako wivu. Mpaka umri huu bado?"

"Bado," nikamwambia. "Na wewe utakuwa jikoni na mimi, kwa hiyo cheka vizuri."

Akaacha kucheka. Akamgeukia Bwana Miura akamuuliza kama kwenye utaratibu wake kuna mahali pametajwa daraja. Hakukuwa na daraja. Hakuwa amepata hata kulisikia, maskini, kwa kuwa siku aliyokuja kwangu niliishia kwenye ardhi ya Baba, na hili la daraja niliona haya kulisema mwenyewe. Bi Shige ndiye aliyelisimulia, kwa kelele, akisimama na kuonyesha tulivyotembea, mzee wa miaka sitini na minne katikati ya ofisi ya mji akiwa amejifunga mkanda wa pazia kiunoni. Meya aliacha chai yake ikapoa. Bi Shige alipomaliza akasema, "Wanawake wa daraja tumebaki sita. Mtafute mpishi Kamiyachi, wana hoteli siku hizi. Sisi tutakuwa jukwaani, na behewa la mwisho tutalipakia wenyewe." Nami nikasema ndivyo.

Wakakubali. Bwana Miura akaandika pale pale, na masikio yake yalikuwa mekundu. Kwa hiyo nilishinda, Hatsuno. Nilichokitaka tangu nina miaka kumi na sita nilikipata, mbele ya meya, na niliketi nikingoja furaha inipate.

Kisha Bwana Miura akaendelea kusoma. Bibi Hatsuno atapokelewa uwanja wa ndege Tokyo na wajumbe wa mji. Atalala hoteli. Atahojiwa na magazeti. Atapelekwa Fukushima kwa mkuu wa mkoa, na kulala huko. Siku ya sherehe, treni, kikapu, hotuba, chakula. Jioni, karamu ya chama cha wakulima. Kesho yake shule ya msingi, shule ya kati, na kupanda mpichi wa kumbukumbu mbele ya stesheni. Nikasubiri asome jina letu. Nikamuuliza nyumbani kwetu atakuja lini.

Akasema, "Siku ya mwisho mchana, Bibi, kama muda utaruhusu."

Mdogo wangu, mpaka dakika ile wivu wangu ulikuwa wa aina moja, ule wa mtu anayetaka alichopewa mwenziwe. Pale kwenye kile kiti uligeuka ukawa wa aina nyingine, ule wa mtu asiyetaka kugawana. Nilimtazama meya, nikamtazama Bwana Miura na tai yake, nikawaona wote ni wezi. Watakushika mkono kabla yangu. Watakuona umezeeka kabla yangu. Mhariri wa gazeti atajua sauti yako siku hizi ikoje, na mimi nitakuwa nimesimama jukwaani nimevaa vizuri, mtu wa sita kutoka kushoto, nikisubiri zamu. Nani alikufundisha kutembea? Nani alikupa koti?

Wakanisogezea karatasi niandike anwani yako. Nikawaambia siikumbuki. Jinsaku alikuwa kando yangu, akageuza lile sikio zima, akasema, "Si ulikuwa unaisoma leo asubuhi?" Nikamkanyaga mguu. Nikasema nitaandika mwenyewe, nitawaletea majibu. Bi Shige alinitazama, kisha akaichukua ile karatasi akamrudishia Bwana Miura.

Kwa hiyo barua hii ndiyo mwaliko. Wa kwao ungekuwa na herufi za dhahabu, huu una alama za vidole vyangu. Njoo, Hatsuno. Daktari akisema mgongo hauwezi ndege, muulize mwingine. Baba na Mama wamelala kilimani na hujawahi kuwawashia ubani. Mji unakutaka, na ninausikia ukikutaka, na ni haki yao, kwa maana wewe ni sura ya jambo jema lililowapata. Sherehe nitakuachia. Kikapu kishike wewe, sina haja nacho tena, na nitapakia masanduku yangu nikiwa na furaha ya kweli. Lakini usije siku waliyoipanga wao. Njoo wiki mbili kabla, na usimwandikie mtu mwingine siku ya kufika, hata binamu zetu. Masaru atakuja kukupokea Tokyo na lori lake. Nilipomwomba hilo ndipo tuliposemezana vizuri, akasema, "Mama, mbona sikuzote nilidhani humpendi mama mdogo?" Kijana huyu ana miaka thelathini na tisa na hajui kitu. Atakufikisha mpaka Fukushima mjini, na pale atakupandisha treni, kwa kuwa sitaki uingie kwetu kwa njia ya Kamiyachi.

Ukiwa kwenye treni, usifike stesheni. Kuna kituo kidogo kilichojengwa baada ya wewe kuondoka, kinaitwa Matsuzuka, kimoja kabla ya kwetu, chini ya kilima. Hakina ofisi wala picha, ni jukwaa fupi la saruji na benchi, na wanaokitumia ni wanafunzi. Wakati huo shule zitakuwa zimefungwa, hakutakuwa na mtu. Mwambie kondakta mapema ili treni isimame. Kutoka pale kuna njia ya miguu inayopita nyuma ya mashamba mpaka mlango wetu wa jikoni, na tutakwenda polepole kwa ajili ya mgongo wako na magoti yangu. Kwa siku chache utakuwa wangu, utakula nilichopika, utalala chumba cha zamani, na mtu akibisha hodi nitamwambia tumelala. Baadaye nitakutoa kwao, nimekwisha kushiba.

Wasalimie wote wa huko. Mpe Teizo salamu za Jinsaku, anasema bado anangoja mchezo wao wa kete walioukatiza. Msalimie binti yako Yoshiko na mumewe, na kila mjukuu kwa jina lake, pamoja na lile lisilotamkika. Huku wanakusalimu Masaru na mkewe Sadako, na Bi Shige, ambaye ameapa hatamwambia mtu, na nimemwamini kwa sababu sina njia nyingine. Wazee wetu waliotangulia wakulinde njiani, juu ya bahari na juu ya reli, na wakufikishe ukiwa na nguvu.

Nami nitakuwa Matsuzuka tangu treni ya kwanza ya asubuhi. Ukiikosa hiyo, panda inayofuata, na ukiikosa hiyo nayo, panda ya baada yake. Sitaondoka pale.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukutaka,

Tsuneyo